Matundu Kumi na Moja

Kiwanja tulikinunua Septemba, Goba,
ardhi kavu kama biskuti,
na dalali akatunyooshea kidole upeo wa macho:
"Ukisimama hapa, dada, mji wote ni wako."
Kweli niliuona.
Hakuniambia nitazame chini ya miguu yangu.

Masika ya kwanza uwanja ukaanza safari.
Ulishuka usiku, taratibu, bila kuaga,
ukapenya chini ya michongoma
hadi kwa Bi Siwema, jirani wa bondeni.
Asubuhi akaja na ndoo yangu.
Mwaka wa pili akaleta kandambili moja
na mche wa pilipili, mizizi bado imekumbatia udongo wetu.
Mwaka wa tatu hakuleta kitu.
Alisimama mlangoni, tope limemfika magotini,
akasema, "Njoo uone jiko langu."
Nikaenda.
Mpini wa sufuria tu ndio uliochomoza.

Tukavunja kikoba. Aidani akauza pikipiki.

Fundi Lipangile alikuja na timazi, kamba na kikohozi.
Hakuuliza mawe yako wapi.
Aliomba ndoo ya maji, akaimwaga juu kabisa, kwenye kona ya choo,
akachuchumaa kuyatazama yanavyokwenda.
"Mpaka wako umeuchora wewe," akasema.
"Maji hayajui kusoma hati."

Siku nne za kuchimba msingi, mpaka sururu ikalia.
Mawe malori mawili. Saruji mifuko thelathini na minne
(miwili nadhani ilitembea yenyewe).
Ukuta akaulaza kidogo kwa nyuma, uegemee mlima,
kama watu wanaosukuma gari lililokwama:
bega mbele, visigino vimekita.
Nyuma yake kokoto, debe baada ya debe,
na kati ya mawe, vipande vya bomba
la inchi mbili. Kumi na moja.

Mama mkwe, aliyetoka Korogwe
kuja kuona hela ya mwanawe inavyoliwa,
akayahesabu kwa fimbo.
"Ukuta mpya, tayari una matundu?
Si walisema, usipoziba ufa..."
"Walijenga tambarare hao, mama.
Hapa ukiziba, ndipo utajenga ukuta.
Udongo mkavu ni mpole. Ukiufungia maji ndani, unakuwa fahali."
Mama mkwe akasonya.
Mimi nilimwelewa. Wodini kwetu
kidonda kirefu hatukishoni chote;
tunaacha mpira, kitoe kilichomo.

Aprili. Saa nane usiku bati likapiga kelele
hata sikusikia jina langu likiitwa.
Nikatoka na tochi, kanga kichwani,
nikayahesabu: moja linatiririka, la pili, la tatu...
La saba kimya.
Juu yake mawe yanatoka jasho
na ukuta, nikiugusa, kama una homa.

Nikachokoa kwa kipande cha nondo.
Likatoka gunzi. Gunzi la hindi la kuchoma,
na nyuma yake soksi ya shule ya Tumsifu,
ambaye wiki nzima alituambia nyoka wanaishi humo
na hakuna aliyemsikiliza.
Kisha maji yakanipiga usoni,
baridi, mekundu kama chai ya rangi,
na ukuta ukashusha pumzi,
au ni mimi.

Bondeni nikaona tochi nyingine.
Bi Siwema, jembe mkononi, anaupanua mfereji.
"Yamefika?" nikapaza sauti.
"Yamefika! Matupu!"
"Na udongo?"
"Umebaki kwako!"
Akageuka, akainamia giza lililo chini yake,
kwenye nyumba ambazo sijawahi kuzifikia,
akaita, "Mama Nyamizi! Yanakuja!"
na sauti nyingine, mbali zaidi, ikaitika,
ikamwita mwingine.